Land Cruiser ya 1HZ: joto, breki na uzito kwanza, tabo baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ, pamoja na mafundi wanaozihudumia. Gari la mwaka 1994 au 2001 likishanunuliwa tu, linapelekwa gereji linyanyuliwe, lifungwe matairi ya inchi 35, kisha tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada. Masika yakiisha silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) imepasuka, oili ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli, imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mwenye gari analalamika kwamba Toyota za siku hizi si kama za zamani. Gari halina kosa. Kazi zimefanywa kinyumenyume: kilichotakiwa kuwa cha mwisho kimefanywa kwanza, na vya kwanza havikufanywa kabisa.

Tuanze na injini yenyewe, maana wengi wanaibadilisha bila kuijua. 1HZ ilitoka mwaka 1990. Ina silinda sita, ujazo wa cc 4,164, haina tabo, na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Nguvu zake ni za farasi kama 130. Dizeli haipigwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inapigwa kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, inawakia humo, ndipo moto unatoka kusukuma pistoni. Kwa sababu hiyo injini hii ni tulivu na inavumilia dizeli isiyo nzuri sana, lakini kwa sababu hiyo hiyo joto jingi linakaa kwenye hedi. Mgandamizo wake, yaani jinsi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, unazidi 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na tabo, ina mgandamizo wa 18.6 kwa 1 na dizeli yake inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Ni injini mbili tofauti, hata kama bloku zao zinafanana kwa macho. Ukiisukumia 1HZ hewa na dizeli kupita kiasi, ufa unaanzia kati ya valvu mbili au pembeni mwa kile chumba kidogo, na hedi iliyopasuka hapo hupati faida kuichomelea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni joto. Kabla ya kununua kitu chochote cha kuongeza nguvu, toa rejeta, ipelekwe kufunguliwa na kusafishwa ndani, au nunua mpya. Rejeta iliyokunywa maji ya kisima miaka ishirini imejaa magadi kwenye mirija ya chini, na kuipuliza kwa mpira wa maji hakuyatoi. Badilisha themostati, uweke inayofunguka kwenye nyuzi 76. Kuitoa kabisa, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii: injini inafanya kazi ikiwa baridi mno kwenye tambarare. Angalia pia klachi ya feni. Zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bure kama pangaboi, mafuta yake ya silikoni yamekwisha na haivuti upepo tena.

Halafu kuna mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo ambacho watu hawakitazami. Kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Injini yenye mzigo inapanda ikiwa kwenye nyuzi 90 bila tatizo lolote. Kinachozuia maji yasichemke ni presha inayoshikwa na mfuniko, ambayo kwa gari hili ni kama bar 0.9. Mfuniko wenye springi iliyolegea au mpira uliokauka unaachia presha hiyo, na gari linachemsha Karatu wakati Mombasa halikuwa na shida. Badilisha mfuniko, weka kulanti (dawa ya rejeta) ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji safi, na ufunge geji ya joto ya pembeni yenye sensa yake. Geji ya dashibodi ya Toyota imetengenezwa itulie katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Mshale ukianza kupanda, tayari umechelewa.

Wakati injini iko wazi, hakikisha belti ya taimingi haijapita kilomita 100,000. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni. Pima valvu zikiwa baridi: za kuingiza karibu milimita 0.2, za kutoa moshi karibu 0.4. Pima pia mgandamizo wa silinda zote sita. Zikipishana zaidi ya kilo 5 kwa sentimita ya mraba, sahau habari ya tabo, injini inahitaji ukarabati.

Kazi ya pili ni chini ya gari, na hapa sina budi kukaa kidogo. Ekseli ya mbele ya gari hili ni ya mti mzima, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kwenye kila kifundo cha gurudumu kuna jointi inayozunguka ndani ya tufe la chuma. Tufe hilo linatakiwa kuwa na grisi nzito ya molibdenamu peke yake. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu inapita, inachanganyika na grisi, na utaona uji mweusi ukitiririka nyuma ya tairi. Mafundi wengine wanapangusa na kuendelea. Ni kosa, kwa sababu jointi na beringi za juu na chini ya kifundo sasa zinaendeshwa na uji huo, na siku gari litakapokuwa kwenye matope usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, jointi itavunjika. Funga seti kamili ya sili na beringi pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Nyuma, kwenye matoleo ya Land Cruiser ya HZJ75 na HZJ79, shafti zimeshikwa kwenye habu kwa bolti zenye washa za koni. Barabara ya changarawe yenye mawimbi, mfano ile ya kutoka Ngorongoro hadi lango la Naabi la Serengeti, inazilegeza. Zikilegea kidogo, zinakatika zote kwa zamu. Zikazwe kila huduma, na washa zilizolika zitupwe.

Breki sasa. Tabo haiongezi breki, na tairi kubwa linazipunguza. Tairi la kawaida la 7.50R16 lina kipenyo cha kama milimita 806. Tairi la 315/75R16, ndilo linaloitwa la inchi 35, lina milimita 879. Hiyo ni asilimia 9 zaidi, maana yake pedi zile zile zinashika gurudumu lenye nguvu zaidi ya kuzikataa. Spidomita nayo inadanganya: ikionyesha 80, unakwenda 87. Uwiano wa difu wa 4.11 unakuwa kama umeshuka hadi 3.77, kwa hiyo gari ambalo mwenyewe analalamika kuwa halina nguvu limefungiwa gia ndefu zaidi. Anayetaka matairi hayo lazima abadilishe na meno ya difu, mbele na nyuma kwa uwiano mmoja, vinginevyo akiingiza gia ya magurudumu manne kwenye ardhi kavu anavunja kitu. Kwa kazi ya safari na shamba, 235/85R16 inatosha: kipenyo ni kile kile cha 7.50, inaingia rimu isiyo na tyubu, na kila kitu kinabaki kilivyopimwa kiwandani.

Tukishafika hapo ndipo tuzungumzie kunyanyua. Milimita 50 zinatosha, na ni lazima zitokane na springi zinazolingana na uzito halisi wa gari. Hesabu iko hivi: bampa ya chuma kilo 60, winchi 40, tairi la akiba la pili 40, keria 60, tangi la nyongeza la lita 120 likijaa ni kilo 100, watu saba wa kilo 75 ni 525. Hapo ni kilo 825 kabla ya begi la kwanza. Usimwambie muuza springi “nataka za kazi nzito”. Peleka gari kwenye mizani likiwa limepakiwa, ekseli ya mbele na ya nyuma zipimwe kila moja peke yake, umpe namba hizo. Springi ngumu kuliko mzigo zinarukisha gari likiwa tupu na kuvunja mabraketi ya shokomzoba. Zilizo laini zinakaa kwenye raba za kugotea muda wote na kupasua chesisi.

Kunyanyua kunaharibu mambo manne yasiporekebishwa. Kwenye magari ya koili mbele, yaani mfululizo wa 80, 105, na 78 na 79 tangu mwaka 1999, pembe ya kasta (mwinamo wa vifundo vya magurudumu ya mbele kuelekea nyuma) inapungua kama nyuzi 2 kwa milimita 50, na gari linaanza kutangatanga barabarani kwa sababu usukani haurudi wenyewe. Dawa yake ni bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono ya ekseli. Fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiende pembeni, inaisogeza ekseli upande mmoja, kwa hiyo iwekwe inayorekebishika. Hozi za breki zinakuwa fupi. Ekseli ikining'inia zinavutika, na hilo hulioni gari likiwa limesimama sawasawa, mpaka ulinyanyue kwa jeki kwenye chesisi. La nne ndilo linalosahaulika kuliko yote: valvu ya kupimia mzigo iliyo karibu na ekseli ya nyuma. Gari likiwa juu, mkono wa valvu unadhani hakuna mzigo, unapunguza breki za nyuma, na dereva anashuka kreta kwa breki za mbele tu. Braketi yake ishushwe kwa kipimo kile kile gari lilichopandishwa.

Shokomzoba zina kipimo rahisi. Baada ya kilomita 20 za mawimbi, simama uziguse zote nne kwa tahadhari. Zinatakiwa kuwa za moto. Iliyo baridi haifanyi kazi.

Matope na maji. Difu ya moto ikiingia kwenye mto inapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na maji yanavutwa kupitia sili. Weka mipira ya kipumulio kutoka difu zote mbili, giaboksi na kesi ya gia ndogo, ipande hadi karibu na ukuta wa injini, mwishoni iwe na kichujio kidogo. Ni kazi ya saa tatu na gharama ndogo sana, na ingefaa ifanywe kabla ya snokeli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu ya gari. Snokeli nayo isaidie kweli: nyingi zinafungwa zikiwa na matundu kwenye maungio. Washa injini, ziba mdomo wa juu kwa ubao uliofunikwa mpira. Injini ikizimika, hakuna hewa inayoingia kwingine. Ikiendelea kuunguruma, inavuta vumbi mahali fulani, na vumbi la Ngorongoro linamaliza ringi za pistoni upesi kuliko tabo yoyote. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya filta. Kikitoka cha kahawia, tafuta tundu.

Upepo wa matairi unafanya kazi ambayo watu wanaitafuta kwa vifaa vya mamilioni. Kwenye mchanga shusha hadi psi 16 au 18, kwenye mawimbi kama 28 hadi 30 kwa gari lenye mzigo na mwendo mdogo, kisha jaza tena kabla ya lami. Lakini si kwa matairi ya tyubu kwenye rimu za ringi, zile za vipande zenye ringi ya chuma inayotoka: tairi linateleza ndani ya rimu na kung'oa valvu. Na rimu hizo zisifunguliwe kamwe kabla hujatoa kiini cha valvu na upepo wote kuisha, kwa maana ringi ikiruka inaua. Kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua ikinyesha, hakuna tairi litakalokuokoa peke yake. Minyororo kwenye magurudumu na loku ya difu ya nyuma, inayolazimisha magurudumu yote mawili kuzunguka pamoja, ndiyo msaada. Loku ya mbele itumike usukani ukiwa umenyooka, la sivyo tunarudi kwenye zile jointi.

Sasa tabo. Sababu ya kuitamani ninaielewa na ni ya kweli. Injini inayovuta hewa yenyewe inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo farasi 130 wa Tanga wanakuwa kama 100 kwenye ukingo wa kreta, gari likiwa na watu saba ndani. Lakini tazama hesabu hii. Presha ya hewa usawa wa bahari ni psi 14.7. Kwenye mita 2,300 ni kama 11. Tabo ikiongeza psi 4 tu, injini imerudishiwa karibu hewa yote ya Tanga. Ikiongeza 7 imezidi kiwango cha kiwandani kwa zaidi ya moja ya tano. Hakuna sababu ya kufika 12 au 15, namba ambazo vijana wa gereji wanashindana nazo. Kwa 1HZ isiyofunguliwa, psi 7 ndiyo mwisho.

Hata hizo 7 zina masharti. Funga geji ya joto la moshi, sensa yake ikiwa kwenye manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) kabla ya tabo. Ikiwekwa baada ya tabo inasoma pungufu kwa nyuzi 100 au zaidi kwenye mlima, na dereva anajidanganya. Kwa safari ndefu ya kupanda joto lisizidi nyuzi 650, na 700 ndipo mguu utoke kwenye mafuta mara moja, gia ishushwe. Kwenye dizeli, joto la moshi linapandishwa na dizeli nyingi kuliko hewa. Ndiyo sababu skrubu ya kuongeza dizeli kwenye pampu izungushwe moja ya nane ya mzunguko, gari lijaribiwe kwenye mlima likiwa na mzigo, geji isomwe, ndipo izungushwe tena kama kuna nafasi. Moshi mweusi ni dizeli isiyopata hewa, na joto lake linaishia kwenye hedi. Bomba la ekzosi liwe la inchi 3 kutoka kwenye tabo hadi nyuma, kwa kuwa bomba la zamani linarudisha joto kwenye injini. Mrija wa kurudisha oili ushuke moja kwa moja bila kupinda juu, na uingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ukiingia chini yake, oili inarudi nyuma na tabo inavujisha moshi wa bluu, kisha watu wanabadilisha tabo nzima bure. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Baada ya mlima mrefu, injini iachwe ikiunguruma taratibu dakika mbili kabla ya kuzimwa.

Anayehitaji nguvu zaidi ya hapo asiilazimishe 1HZ. Afunge 1HD-T, yenye nguvu za farasi zaidi ya 160, na kabla haijaingia kwenye gari abadilishe beringi za fimbo za pistoni, ambazo ndizo udhaifu unaojulikana wa zile za mwanzo. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi.

Kwa wanaorefusha chesisi za magari ya watalii nina machache. Kiungo kikikatwa wima na kuchomelewa wima, ufa utarudi hapo hapo. Kikatwe kwa mshazari, kiwekewe bamba la unene ule ule wa chesisi lenye ncha zilizochongoka pande zote mbili, na usichomelee kukatisha ukingo wa juu wala wa chini. Tumia fimbo za kuchomelea za E7018 zilizokauka, maana zilizolala kwenye unyevunyevu zinatoa weldi inayopasuka. Betri na altaneta zifunguliwe waya kwanza. Propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) iliyorefushwa ipelekwe kusawazishwa kwa mashine, na ikiwa ndefu sana igawanywe vipande viwili na beringi ya katikati.

Na mahali pa kuvutia gari lililokwama: kamba ifungwe kwenye ndoano zilizokazwa kwenye chesisi kwa bolti za daraja la 8.8 au zaidi. Isifungwe kwenye kile kitufe, yaani kidude cha chuma cha mviringo, cha kuvutia trela, wala kwenye vijikulabu vyembamba vya kufungia gari melini. Kamba ya kuvutika ikijaa nguvu, kitufe kikikatika kinapita kwenye kioo cha gari la nyuma na kuua dereva, na yametokea sehemu nyingi duniani. Winchi iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa. Kwa gari la kilo 3,200 hiyo ni kilo 4,800. Uwezo unaoandikwa ni wa kamba ikiwa imebaki tabaka la kwanza tu kwenye ngoma.

Baada ya kufunga springi mpya, gari lirudi gereji likishatembea kilomita 500, U-bolti zote zikazwe tena kwa torki rinchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa sababu springi mpya zinakaa na bolti zinalegea. Kama gereji haina torki rinchi, tafuta gereji nyingine.

Fundi wa magari ya safari,
Arusha